Udaktari Ukubwani: Gharama Iko Kwenye Masomo ya Awali

Mwaka juzi, tulipokuwa tunakunja viti baada ya ibada hapa Columbus, Ohio, dada mmoja mhasibu aliniuliza swali ninaloulizwa mara nyingi. "Kaka, nina miaka 35. Nikianza leo kuutafuta udaktari, nitamaliza na mingapi?" Tulipiga hesabu palepale juu ya bahasha ya sadaka. Miaka miwili ya masomo ya awali, mwaka mmoja wa kutuma maombi na kusubiri, minne ya chuo cha udaktari, mitatu ya mafunzo ya hospitalini kwa anayechagua tiba ya familia. Jumla kumi. Nilidhani 45 itamshtua. Yeye aliweka kidole kwenye ile mitatu ya mwanzo, akauliza: "Na hii nani anailipia?"

Nasimamia maabara ya jioni ya kemia katika chuo kimoja cha jamii, kwa hiyo watu wa aina yake nawaona kila muhula: mwalimu, dereva wa lori, msaidizi wa wauguzi aliyetoka zamu ya usiku, mwanajeshi mstaafu. Karibu wote huja na hofu ya umri. Dada yule alikuwa wa kwanza kugusa pale panapouma. Ukishaingia chuo cha udaktari kuna mkopo, kuna ratiba, kuna watu wanaolipwa kuhakikisha unamaliza. Masomo ya awali hayana karibu chochote kati ya hivyo. Ndipo anayebadili kazi analipa ghali kuliko mahali pengine pote, kwa msaada mdogo kuliko pengine pote, na hakuna aliyemwahidi kitu.

Msomaji aliyesomea nyumbani huenda akashangaa kwamba mlango wenyewe upo. Tanzania njia ya udaktari hukatwa mapema. Anayeingia Kidato cha Tano na mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akifaulu vizuri anaweza kuomba Muhimbili na kusoma miaka 5 moja kwa moja. Aliyepangiwa mchepuo usio na baiolojia, kama HKL au EGM, basi tena. Akitaka kurudi atajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, atafute maabara ya kufanyia mazoezi ya vitendo, ashindane na vijana wa miaka 19. Kuna pia njia ya afisa tabibu anayejiendeleza kwa stashahada yake, njia ya heshima na ndefu. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo yaweza kuwa ya uhasibu, muziki au historia, mradi mwombaji amepita kwenye masomo fulani ya sayansi. Uamuzi ambao kwetu huwekwa mabegani mwa mtoto wa miaka 16, hapa anaweza kuufanya mtu mwenye watoto wawili na pango la kulipa kila tarehe mosi.

Masomo yenyewe hayatofautiani sana kutoka chuo hadi chuo. Mwaka wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ogania, mwaka wa fizikia, yote na maabara zake, kisha muhula wa biokemia. Vyuo vingi hupenda pia kuona takwimu, saikolojia na sosholojia. Kwa anayeanzia sifuri ni kama krediti 44.

Orodha hiyo ina historia, na historia yake inanigusa kila ninapoisoma. Mwaka 1892 Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri wa reli wa Baltimore, alitoa zaidi ya dola 300,000 ili chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kiweze kufunguliwa. Alizitoa kwa masharti: wanawake wapokewe sawa na wanaume, na kila mwombaji awe na shahada ya kwanza, awe amesoma sayansi za msingi, awe anasoma Kifaransa na Kijerumani. Chuo kikafunguliwa 1893, wakati ambapo vyuo vingi vya udaktari nchini vilimpokea yeyote mwenye ada mkononi. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu aliyewahi kuendesha shule yake mwenyewe Louisville na ambaye hakuwa daktari, alichapisha ripoti yake kwa niaba ya Wakfu wa Carnegie baada ya kuvikagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Hopkins ikawa ndiyo mizani ya kuwapimia wengine. Vyuo duni vilifungwa kimoja baada ya kingine, na katika miaka iliyofuata vikafungwa pia vyuo 5 kati ya 7 vya watu weusi, vikabaki Howard na Meharry. Masharti yaliyoletwa na mwanamke aliyekuwa anawapigania wanawake wenzake yakageuka komeo kwa maskini na kwa mtu mweusi. Baiolojia, kemia na fizikia za wakati ule ndizo mifupa ya orodha ya leo.

Je, masomo haya humfanya mtu awe daktari bora? Kuanzia 1987 chuo cha Mount Sinai, New York, kilikuwa na mpango wa kuwapokea wanafunzi wa fasihi, historia na sanaa bila kemia ogania, bila fizikia na bila mtihani wa kujiunga uitwao MCAT. Mwaka 2010 David Muller na Nathan Kase wa chuo hicho walichapisha matokeo: kwa jumla wanafunzi hao hawakuachwa nyuma na wenzao. Mimi mtu wa kemia sina ugomvi na matokeo hayo. Mgonjwa mwenye shinikizo la damu hatauliza jinsi kaboni inavyobadilishana jozi za elektroni. Lakini vyuo vilivyofuata njia ile ni vichache, na anayebadili kazi asiegemee huko. Kwake masomo haya yana kazi ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza: ni ushahidi. Shahada yake ya miaka 13 iliyopita haimwambii mtu yeyote kama leo anaweza kukaa na kitabu kigumu saa 3 mfululizo akaelewa. Alama ya A ya mwaka huu inasema hivyo.

Tatizo ni kwamba ushahidi huo hauna njia ya mkato. Kemia ya jumla ya kwanza ndiyo inayokufungulia ya pili. Ya pili inakufungulia ogania ya kwanza, hiyo inakufungulia ogania ya pili, na ogania inakufungulia biokemia. Ni behewa nyuma ya behewa. Mwenye akili nyingi na mwenye fedha nyingi wote husubiri garimoshi hilohilo. Likizo ya kiangazi inaweza kukuokolea muhula, na vyuo vingine huruhusu biokemia isomwe sambamba na ogania ya pili, ndiyo maana hesabu ya kwenye bahasha ilitoka miaka miwili na si miwili na nusu. Lakini ukiacha ogania ya kwanza mwezi Oktoba kwa sababu mtoto ameugua, katika vyuo vingi vidogo utaingoja hadi Agosti nyingine. Kijana wa miaka 20 akipoteza mwaka hivyo hulia siku mbili. Mwenye miaka 38 na mkataba wa kazi uliopunguzwa saa huenda asirudi tena.

Na saa ndizo hazitoshi. Masomo mawili ya sayansi yenye maabara ni kama saa 13 darasani kwa wiki. Kusoma nyumbani, kwa mtu anayetaka A na si kufaulu tu, ni saa 18 nyingine au zaidi. Juu yake kuna kazi ya saa 40, foleni ya barabarani, chakula cha watoto, simu za nyumbani ambazo kwa tofauti ya saa huingia usiku wa manane. Vyuo vikuu vingi huweka maabara mchana. Chuo cha jamii kina maabara ya jioni na ada nafuu, ila kuna vyuo vya udaktari ambavyo hupenda kuona ogania au biokemia ikisomwa katika chuo cha miaka minne. Ushauri ninaoutoa ni kuanzia unakoweza kulipa na kuhudhuria bila kukosa, halafu masomo mawili matatu ya mwisho yafanyike chuo kikuu. C ya chuo chenye jina haimsaidii mtu.

Dada yule alifika kwenye maabara yangu muhula huu, ogania ya pili. Zamu yake ya ofisini huisha saa 11, maabara huanza saa 12 kamili jioni. Jioni moja tulikuwa tunatengeneza esta, ile inayotoa harufu ya ndizi mbivu. Unachemsha pombe aina ya isopentili pamoja na asidi ya siki iliyokolea, unadondoshea asidi ya salfa kidogo, na baada ya saa moja chumba kizima kinanuka kama gulio la ndizi Bukoba, mkoani kwao. Niliona ameacha kuandika, amefumba macho. Hatua inayofuata ni kuosha asidi iliyobaki kwa maji ya baikaboneti ndani ya faneli ya kutenganishia: unaiziba, unaitikisa, unaipindua, unafungua koki ili gesi ipumue. Alitikisa mara tatu, akasahau kufungua koki. Kizibo kikaruka, na kama theluthi ya esta yake ikamwagika mezani.

Vijana wa meza ya pili wangejaza faneli kwa esta ya jirani na kuendelea. Yeye alifuta meza, akavua glavu, akachukua kalamu na kuandika kwenye daftari la maabara saa, kiasi kilichomwagika kwa makisio, na sababu. Akaendelea na kilichobaki. Mwishoni alipata asilimia 41 ya kile ambacho hesabu ilitaka. Nimekagua madaftari mengi. Lake linasomeka kama kitabu cha fedha, kila hasara ina mstari wake na sahihi pembeni. Nikikaa kwenye meza ya kuchagua madaktari, mtu wa namna hiyo namtaka wodini usiku, siku ambayo dozi imekosewa na kila mtu anatazama sakafu.

Wapo wanaopita njia iliyonyooka zaidi. Chuo Kikuu cha Columbia kimekuwa na mpango maalumu wa masomo ya awali kwa wenye shahada tangu 1955, Bryn Mawr tangu 1972, na Goucher nao wana sifa hiyo hiyo. Kule mtu husoma mchana kutwa, humaliza kwa mwaka mmoja hadi miwili, hupata mshauri anayemjua kwa jina, na baadhi hupata makubaliano ya kuunganishwa na chuo cha udaktari bila kupoteza mwaka wa kusubiri. Ni mipango mizuri sana. Gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola, na sharti lake lisiloandikwa ni kwamba uweze kuacha kazi. Kwa hiyo humfaa mtu aliyekuwa benki ya uwekezaji kuliko msaidizi wa wauguzi, ingawa huyo wa pili ndiye aliyekwisha kuona wagonjwa wakifa.

Kisha kuna alama za zamani, na hapa ndipo watu wazima wengi hukata tamaa mapema au hujidanganya. Mfumo wa maombi wa vyuo vya MD, AMCAS, huhesabu kila somo ulilofanya katika chuo cha Marekani, pamoja na lile ulilofeli ukiwa na miaka 19. Vyuo vya DO, vya tiba ya osteopathi, viliwahi kuruhusu alama mpya ifute ya zamani, lakini mfumo wao uliacha utaratibu huo mwaka 2017. Dada yetu alipata shahada yake ya uhasibu hapahapa huku akifanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, akamaliza na wastani wa 2.9 kwa krediti 120. Hata akipata 3.8 katika krediti 44 mpya, wastani wa jumla utapanda hadi 3.14 tu. Alipiga hesabu hiyo mwenyewe kabla sijamwambia, akanyamaza kidogo. Wanaochaguliwa vyuo vya MD huwa na wastani wa karibu 3.8.

Lakini fomu ile ina safu. Wastani wa sayansi huhesabiwa peke yake, na masomo yaliyofanywa baada ya shahada huonekana kwenye mstari wake. Kwa mhasibu ambaye hakuwahi kugusa baiolojia, karibu sayansi yote ni hii mpya. Msomaji makini wa fomu anaona watu wawili: msichana aliyesoma na usingizi machoni, na mwanamke wa miaka 37 ambaye hajapata B ila moja. Si kila msomaji ni makini, na kuna vyuo vinavyochuja kwa kompyuta kabla jicho la mtu halijafika. Ndiyo maana orodha ya vyuo vya kuomba ni kazi ya kufanya kwa utulivu, vyuo vya umma vya jimbo lako kwanza, vyuo vya DO bila kuona haya. Madaktari wa DO wana leseni kamili, na tangu 2020 mafunzo yao ya hospitalini yako chini ya ithibati moja na ya MD.

Aliyepata shahada Dar es Salaam, Nairobi au Makerere ana tatizo la namna nyingine. AMCAS haiingizi alama za nje katika wastani, hivyo huanza na karatasi nyeupe, jambo lenye nafuu yake. Ila vyuo vingi hutaka shahada ya Marekani au Kanada, au angalau idadi kubwa ya krediti za huku, mara nyingi 60 hadi 90, na zile 44 hazitoshi. Vingi pia havimpokei asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Haya yaulizwe kabla ya kulipia somo la kwanza. Na kwa wenzetu waliokwisha kuwa madaktari Lubumbashi, Bujumbura au Mwanza na sasa wanabeba boksi: njia yenu haipiti kwenye kemia ogania. Ni mitihani ya leseni ya USMLE na kuthibitishwa vyeti na ECFMG. Nimeona daktari kamili akijisajili baiolojia ya kwanza kwa kukosa wa kumwambia, na iliniuma.

Narudi kwenye swali la bahasha. Msaada wa serikali wa Pell kwa wanafunzi wa kipato kidogo hautolewi kwa mwenye shahada ya kwanza. Mkopo wa serikali kwa masomo ya maandalizi upo, lakini ni kwa miezi 12 mfululizo, kwa anayesoma angalau nusu ya mzigo. Baada ya hapo ni mfuko wako. Chuo cha udaktari nacho kimebadilika. Sheria iliyosainiwa Julai 2025, dada yetu akiwa kati ya kemia ya jumla na ogania, inaufunga mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Mkopo ule ulimruhusu mwanafunzi kukopa gharama yote. Sasa kikomo cha mkopo wa serikali kwa fani kama udaktari ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, wakati katika vyuo vingi vya binafsi ada, chakula na pango kwa mwaka hupita 90,000. Pengo litazibwa na benki, na benki hutaka mdhamini. Mtoto wa daktari anaye. Mhasibu ambaye ndugu zake wote wako Karagwe anamtoa wapi? Kuna vyuo visivyotoza ada, New York University tangu 2018 na Albert Einstein tangu zawadi ya dola bilioni 1 ya Ruth Gottesman mwaka 2024, ila sasa kila mtu anavikimbilia.

Ninaandika hili nikiwa na jambo moyoni kuhusu sisi wenyewe. Jumuiya zetu za Waafrika Mashariki hapa hukusanya fedha za kusafirisha mwili kwenda nyumbani ndani ya siku 4. Harusi hupata kamati, mwenyekiti na mweka hazina. Sijaona kamati ya mtu anayesoma ogania. Ada ya maabara ya muhula mmoja katika chuo cha jamii ni mchango wa familia 20 kwa jioni moja, na zamu ya kuwapikia watoto wake Jumanne na Alhamisi haihitaji hata fedha. Kwa sababu masomo haya hayana jina la fahari, "anasomea nini?" "kemia," watu hawaoni daktari, wanaona mtu mzima aliyejitafutia tabu. Na yeye mwenyewe huficha, akihofia kuulizwa mwaka kesho kwamba imekuwaje.

Mtihani wa MCAT sitaueleza kwa urefu. Muundo wa sasa ni wa 2015: siku nzima ya saa 7 na nusu pamoja na mapumziko, alama kati ya 472 na 528, na wanaochaguliwa MD huwa karibu na 512. Sehemu inayowaangusha watu wetu si ile ya kemia. Ni ile ya kusoma na kuchambua, maswali 53 kwa dakika 90 juu ya vifungu vya falsafa, sanaa na siasa, kwa Kiingereza ambacho kwa wengi wetu ni lugha ya tatu. Dawa yake ni kusoma makala ndefu kila siku kwa mwaka mzima, jambo linalowezekana ndani ya basi. Na mtu asiende kujaribu bahati: vyuo huona alama zote za kila mara uliyokaa.

Kuhusu umri kama umri, kuna kisa ambacho Wamarekani hukikumbuka kwa sababu nyingine. Allan Bakke alikuwa mhandisi wa kituo cha utafiti cha NASA huko California, aliyepigana Vietnam. Alisoma masomo ya awali huku anafanya kazi, akajitolea kwenye chumba cha dharura cha hospitali, akaomba vyuo akiwa na miaka 30 na ushee. Alikataliwa, na baadhi ya vyuo vilimwambia wazi kwamba umri umekwenda. Kesi yake dhidi ya Chuo Kikuu cha California iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 28 Juni 1978 ilihusu nafasi zilizotengwa kwa makabila madogo, na kwa hilo ina wapenzi na wapinzani hadi leo. Ila mwili ulioingia darasani kwenye chuo hicho, tawi la Davis, mwaka huo ulikuwa wa mtu wa miaka 38. Alihitimu 1982 akiwa na 42, umri uleule ambao bahasha yetu ilitoa wa kumaliza chuo, kabla ya ile mitatu ya hospitalini, akafanya kazi ya udaktari wa usingizi Minnesota. Katikati ya hapo, mwaka 1975, Bunge lilipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa umri katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Leo hakuna chuo kinachoweza kuandika barua ya namna ile.

Wastani wa umri wa wanaoanza bado ni kama miaka 24, kwa hiyo mtu mzima atakuwa wa peke yake mezani. Hapa hapa Ohio, Carl Allamby, fundi magari wa Cleveland mwenye gereji yake, alikuwa akisomea biashara, na somo la baiolojia lilikuwa sharti alilolikwepa hadi mwisho. Alipoliingia likamgeuza. Akarudi kusoma kemia na fizikia, akahitimu udaktari 2019 akiwa na miaka 47, akaenda kwenye tiba ya dharura. Hadithi yake husimuliwa kama ajabu. Mimi huitazama sehemu ambayo husimuliwa kwa sentensi moja: ile miaka ya kemia huku gereji ikiwa bado inahitaji mtu wa kufungua mlango asubuhi.

Mwombaji mtu mzima ana mali moja ambayo hajui kuithamini. Fomu ya AMCAS ina nafasi 15 za kazi na shughuli. Vijana huzijaza kwa kutafuta. Wetu huziacha tupu kwa unyenyekevu. Miaka 6 ya kugeuza wazee vitandani saa 9 usiku ni uzoefu wa kitabibu, tena wa kina kuliko wiki mbili za kumfuata daktari nyuma, ingawa hizo nazo zinahitajika. Kulipia wadogo zako ada tangu una miaka 22 ni jambo la kuandikwa. Dada yetu aliniambia, "Kaka, hilo si kila mtu anafanya?" Huku si kila mtu anafanya. Barua za walimu ndizo kazi ngumu. Vyuo hutaka barua mbili za walimu wa sayansi, na sisi tumelelewa kutomsumbua mwalimu. Tunakaa nyuma, tunafaulu kimya, tunaondoka. Mwalimu mwenye wanafunzi 150 hawezi kuandika juu ya mtu asiyemkumbuka sura. Nenda ofisini kwake na swali moja la kweli kila wiki mbili. Kwa mila ya hapa hiyo ndiyo heshima.

Je, kila anayetaka aanze? Hapana, na nawapenda watu hawa kiasi cha kutosha kuwaambia hivyo. Mwaka 2023 walioomba vyuo vya MD walikuwa zaidi ya 52,000, wakaingia karibu 23,000. Zaidi ya nusu walibaki nje, wakiwa na kemia zao zote. Mwenye miaka 48, mwenye deni la nyumba na wazazi wanaomtegemea, aangalie uuguzi wa ngazi ya juu au kazi ya msaidizi wa daktari, ambazo hutibu watu kwa mikono hiyohiyo katika miaka michache. Aliye kati ya 30 na 40 mwingi wa shauku na mchache wa fedha, mimi humwambia achukue kemia ya jumla ya kwanza peke yake, jioni, bila kuacha kazi. Miezi minne, ada ya somo moja. Mwishoni atakuwa na alama, atajua nyumba yake ilivyobeba saa zile, na atajua kama Jumapili usiku alilifungua daftari kwa hamu au kwa kujikokota. Baada ya hapo ndipo aandike barua ya kupunguziwa zamu.

Dada yetu alianza hivyohivyo. Sasa amebakiza somo hili na biokemia anayoisoma sambamba, MCAT ameshakaa, na ombi lake linatumwa wiki ya kwanza ya Juni, likiwa na 3.14 yake juu na safu ya sayansi chini. Kaka zake wawili wa kanisani wanapokezana kuwachukua watoto shule. Mtihani wa mwisho wa ogania ni Jumanne saa 12 jioni, na msimamizi wa chumba ni mimi.